Zawadi ya mikono ya mtoto kwa bibi ambaye macho yake yamefifia: nianzie wapi?

mama_neema aliandika:

Habari zenu wote. Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu kidogo, ili atakayenijibu ajue hasa nimekwama wapi.

Binti yangu Neema ana miaka 3 na miezi 8. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, ana presha ya macho. Jicho la kushoto halioni tena. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alituambia wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone anayotiwa kila siku ni ya kulinda kilichobaki. Baada ya wiki tatu tutakwenda kumtembelea, na Neema amesema mwenyewe, hakuna aliyemtuma, kwamba anataka kumtengenezea bibi zawadi.

Wiki iliyopita tukajaribu kadi. Nilikunja manila nyeupe, nikakata petali 12 za karatasi za rangi, nikampa gundi. Kichwani nilikuwa na picha ya kadi niliyowahi kuiona: maua matatu yamesimama kila moja kwenye bua lake. Neema akazichukua petali zote akazibandika mahali pamoja, kona ya chini, moja juu ya nyingine mpaka zikawa kilima. Halafu akakipiga kile kilima kwa kiganja, pa, pa, pa, akasema, "Bibi atagusa hapa."

Nikamwambia vizuri sana mwanangu. Usiku alipolala nikazibandua. Gundi ilikuwa bado mbichi chini, zikatoka, mbili zikachanika. Nikakata nyingine mbili, nikazipanga upya maua matatu, nikachora mabua kwa kalamu ya kijani. Kadi ikapendeza.

Asubuhi nikampa. Akaishika, akapeleka mkono moja kwa moja kwenye ile kona ya chini, akapapasa. Akageuza upande wa pili, akapapasa tena. Akaniuliza, "Yangu iko wapi?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akasema, "Hii ya mama." Akaiweka juu ya meza, na hadi leo hajaigusa.

Siku nne sasa nalifikiria jambo hili. Mtoto wa miaka mitatu alikumbuka kwamba bibi yake siku hizi anaona kwa vidole. Mimi nikatengeneza kadi ya kutazamwa.

Nataka tuanze upya na nataka safari hii iwe kazi yake. Ila sijui mipaka yangu ni ipi. Nikimwachia kila kitu, baada ya dakika kumi anachoka, gundi iko kwenye nywele na hakuna kilichokamilika. Nikimsaidia, najikuta nimefanya mimi. Mkasi bado haumtii, anaubana kwa mikono miwili. Siku moja nilimwahidi kwamba akimaliza nitamwekea katuni, akamaliza kweli, lakini alimaliza kwa kupaka rangi kwa haraka huku anatazama televisheni iliyozimwa.

Mtu mwenye uoni hafifu anaweza kupewa nini kilichotengenezwa na mikono midogo hivi, akakitumia kweli, kisiishie kuwekwa kabatini? Na ninyi wenzangu, mnakaaje pembeni bila kuingiza mkono?

baba_pacha alijibu:

Mama Neema, pole. Na mimi nililala na deni kama hilo mwaka jana, kwa hiyo usijione peke yako.

Nina mapacha wa miaka minne na nusu. Nitakueleza jambo moja tu lililobadilisha kazi zetu: nilihamisha kazi yangu kutoka katikati nikaipeleka mwanzoni. Jioni, wakiwa wamelala, ndipo ninapokata, ninapotoboa, ninapopima. Asubuhi wanakuta kila kitu kwenye sinia. Pale mezani sina kazi nyingine isipokuwa kukaa. Mikono yangu naiweka chini ya mapaja, nasema kweli, naikalia, kwa sababu ikiwa juu ya meza inakwenda yenyewe.

Kuhusu gundi: usimpe chupa. Mimina kidogo kwenye kizibo cha chupa ya maji, umpe kile kijiti cha pamba cha masikio achovye. Mwambie gundi ni nukta tu. Wangu walikuwa wanamimina ziwa zima, sasa wanaweka nukta na kuhesabu.

Kwa bibi, nafikiri utunge shanga za karatasi kwenye uzi. Kata pembetatu ndefu, upana wa chini kama sentimita 2, urefu sentimita 25, mtoto anaanza kuviringisha upande mpana kwenye kalamu, ncha anaipaka gundi. Ikikauka inakuwa ngumu na ina tumbo katikati, unaisikia vizuri kidoleni. Zikiviringishwa kombo usiziguse. Zile za kombo ndizo zinazotofautiana.

mwl_chekechea alijibu:

Mama Neema, nimesoma ulichoandika mara mbili. Nimefundisha chekechea miaka 19 na nina mengi ya kusema, naomba unipe nafasi.

Kwanza kile kilima. Mtoto wa umri wa Neema hapangi kitu kwenye karatasi kama sisi tunavyopanga. Kwenye kuchora, wengi karibu na miaka miwili wanachora mikwaruzo tu. Karibu na miaka mitatu duara linafunga. Kuelekea miaka minne duara hilo linaota miguu na linakuwa mtu, miguu imetoka kichwani bila tumbo. Maua matatu kwenye mabua ni kazi ya mtoto mkubwa zaidi. Kwa hiyo picha uliyokuwa nayo kichwani ilikuwa inamdai kitu ambacho umri wake haujakileta. Lakini kilima alikifanya kwa makusudi, na sababu yake alikutajia. Darasani mtoto akiniambia sababu, hapo hapo mimi nasimama. Kazi imekwisha kuwa na mwenyewe.

Pili, ahadi ya katuni. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa chekechea wa miaka mitatu hadi mitano, wote wapenda kuchora. Kundi moja waliambiwa mapema: ukichora utapata cheti chenye utepe. La pili walichora bila kuahidiwa chochote, cheti wakakipata kwa kushtukizwa. La tatu walichora tu. Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu zilipowekwa tena darasani na hakuna cheti, wale walioahidiwa walichora kwa muda kama nusu ya wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Naikumbuka kila ninaposikia "ukimaliza nitakupa". Neema tayari ana sababu yake, bibi. Ile katuni ilikuja kusimama mbele ya bibi.

Dakika kumi zinatosha, mama. Mtoto wa umri huo akifanya dakika kumi kwa moyo wake amefanya kazi. Unachohitaji ni kazi inayoweza kuachwa na kurudiwa kesho. Kadi yenye gundi haiachiki, inakauka nusu nusu. Uzi wa shanga unaachika. Kadi ya kushona inaachika. Weka kwenye sinia, juu ya kabati, kesho anaikuta palepale alipoishia.

Mkasi usimnyime. Kata manila vipande vyembamba kama utepe, upana sentimita 2, ili akibana mara moja kipande kinaanguka. Tumia manila, karatasi laini inajikunja katikati ya mkasi na mtoto anadhani kosa ni lake. Dole gumba likae juu siku zote. Mchoree uso mdogo kwenye ukucha, umwambie uso huo lazima umtazame akiwa anakata. Na angalia anatumia mkono gani. Kama ni mashoto, mkasi wa kawaida utamtesa bure, iko mikasi ya mashoto. Mkasi wenye ncha butu, na wewe ukiwa pale.

Sasa zawadi. Mimi ningechagua udongo wa unga na chumvi. Unga wa ngano wa kawaida vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji kikombe 1 lakini uyatie kidogo kidogo, huenda usiyamalize. Kandeni dakika nane hadi kumi mpaka donge liwe laini na lisishike mikono. Kukanda ni kazi ya Neema. Sukumeni kwa chupa mpaka unene wa sentimita 1, usizidi, likiwa nene ndani hubaki bichi na juu hupasuka. Hapo apige alama anayotaka: kiganja, kifungo, mshipa wa jani. Kama ni jani, upande wa chini ndio wenye mishipa iliyosimama, huo ndio ukandamizwe kwenye donge. Toboa tundu la kamba kwa mrija kabla halijakauka. Kisha mlikaushe: oveni ya moto mdogo, nyuzi 100 kwa saa mbili tatu, au mahali pakavu penye hewa siku kadhaa, huku unaligeuza kila siku. Moto mkali hulifanya livimbe na kupasuka. Likishakauka kabisa mtu mzima alipake vanishi, maana chumvi huvuta unyevu na kibao kikilowa kinarudi kuwa donge.

Kabla ya kukanda, kagua vidole vyake. Akiwa na mkwaruzo wowote chumvi itamwasha na hatataka tena kugusa donge. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja.

Na kama utapenda kadi ya kushona, toboa manila kwa panchi, matundu yaachane kama sentimita 1, uzi mnene wa kufumia, ncha yake uizungushie selotepu iwe ngumu kama sindano. Kazi hii ni ya zamani. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 kisha mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto, alikuwa nayo miongoni mwa kazi za mikono: kutoboa karatasi, kushona kadi, kusuka vipande vya karatasi, kukunja. Na vifaa vyake vya kuchezea, cha kwanza kikiwa mipira laini ya sufu ya rangi sita, aliviita zawadi. Nimelipenda neno hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa ualimu.

nesi_watoto alijibu:

Naongeza la usalama, nitasema kwa kifupi kwa sababu mwalimu amemaliza mengine.

Neema ana zaidi ya miaka mitatu, shanga anaweza kutunga mkiwa pamoja. Lakini kama nyumbani, kwako au kwa bibi, kuna mtoto mdogo zaidi, hesabu shanga mkianza na uzihesabu mkimaliza. Kipimo cha nyumbani: chukua lile bomba la karatasi linalobaki ndani ya toileti pepa. Kitu chochote kinachopita humo kinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitatu. Na uzi mrefu usivaliwe shingoni na mtoto, wala usiachwe kitandani.

Msitumie vitu vyenye betri ndogo za duara, hata kama ni kadi nzuri inayoimba. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili. Hili sisemi kwa kusimuliwa.

Donge la chumvi asilionje. Kuramba kidole hakuna shida, kulila ni shida, chumvi ni nyingi sana. Na kama bibi ana mbwa, kibao kikae juu, mbwa hukila na kikawadhuru vibaya.

mama_neema alijibu:

Mwalimu, shikamoo, na asante. Hapo pa bibi kusimama nyuma ya katuni nimeelewa. Baba Pacha, jana nimekalia mikono, nikaona ni kwa namna gani inavyotaka kutoka. Nesi, asante, kwa mama hakuna mtoto mdogo wala mbwa, ila shanga nitahesabu.

Swali langu limebaki moja na naona aibu kidogo kuuliza. Mtu ambaye macho yamepungua ukubwani, anataka nini hasa mkononi? Mama hasomi Breli, hajawahi kujifunza. Naogopa kumpelekea kitu cha kumkumbusha kwamba haoni.

bibi_wa_sita alijibu:

Mama Neema mwanangu, hapo ngoja nikujibu mimi. Nina miaka 71, uoni wangu ni hafifu tangu nikiwa na 64, na haya ninayoandika nayasema kwa sauti, simu inaandika, mjukuu ananisahihishia.

Usiogope kumkumbusha. Anajua. Anajua kila anapomimina chai na kuweka kidole kwenye ukingo wa kikombe. Kinachoumiza ni kupewa kitu kizuri halafu watu wote wanasubiri uso wako. Kadi yenye maua ya rangi ya waridi juu ya karatasi nyeupe, mimi naona wingu. Nasema asante, nzuri sana, na ninasikia mwenyewe kwamba naigiza. Mtoto naye anasikia.

Nitakwambia vitu viwili nilivyonavyo kutoka kwa wajukuu. Cha kwanza ni kamba ya mlango wa kabati. Kijana wetu akiwa na miaka mitano alifunga vifundo kwenye kamba ya katani, akatunga kifungo kikubwa cha mbao katikati. Imefungwa kwenye mpini wa kabati la dawa, basi nikipapasa nikakuta kifungo najua ni hapo. Haijawahi kutoka. Cha pili ni karatasi ya msasa iliyokatwa umbo ambalo mpaka leo sijui ni nini, imebandikwa juu ya kipande cha kitambaa laini. Mwenyewe alisema ni samaki. Mimi nikiwa nasubiri, naipitisha kidole upande wa msasa, halafu upande wa laini.

Nasema nikiwa nasubiri, kwa sababu sisi wa presha ya macho tunasubiri sana. Ukitia tone la kwanza lazima ungoje angalau dakika tano kabla ya tone la pili, vinginevyo la pili linaliosha la kwanza. Umefumba macho, umebana kona ya jicho karibu na pua, mkono mmoja hauna kazi. Huo mkono mmoja ndio wa kupelekea zawadi.

Ziwe alama za kuingia au kutoka vizuri, kidole cha mzee kina ngozi nene. Zisikaribiane mno. Na kama mtoto anataka rangi, mwache aweke rangi, ila ziwe mbili zinazopingana, nyeusi na njano, kwa sababu ile katikati ya jicho inayoona bado inafurahi ikipata kitu.

Kile kilima alichopiga kwa kiganja, mimi ningekitaka.

baba_pacha alijibu:

Bibi, shikamoo. Nimesoma nikanyamaza. Hapo pa kamba ya kabati la dawa ninakwenda kufanya kwa baba yangu, wala hana shida ya macho, ni kwamba anapenda kushika kitu.

mama_neema aliandika (baada ya wiki tatu na nusu):

Nimerudi kama nilivyoahidi, nawaletea ilivyokuwa.

Kwanza nilimwomba Neema msamaha kuhusu kadi. Nilimwambia, "Ulitengeneza kilima cha bibi, mama akakibandua usiku, mama hakukuuliza." Alinitazama kwa muda, akauliza, "Kiko wapi?" Nikamwonyesha petali zake mbili zilizochanika, nilikuwa nimezihifadhi kwenye bahasha. Akazichukua akaenda kuziweka chini ya mto wake. Hakusema neno lingine, na mimi sikuongeza.

Tukafanya kibao cha unga na chumvi. Usiku nilipima, nikaweka bakuli tatu kwenye sinia. Asubuhi nikakagua vidole, kulikuwa na mkwaruzo kwenye kidole cha shahada, tukaahirisha siku mbili. Siku ya tatu akakanda. Nilidhani atachoka, alikanda kwa magoti juu ya kiti, kwa ngumi zote mbili, kwa viwiko. Niliposukuma kwa chupa alinisimamisha, akasema anasukuma yeye. Kikatoka chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine. Nikakalia mikono.

Nilikuwa nimempangia apige kiganja. Nilifikiri, kiganja cha mjukuu, bibi atakipenda. Nikamwambia weka mkono hapa. Akakataa. Akanyoosha kidole cha shahada akatoboa tundu. Akatoboa jingine. Alikuwa anatoboa na kusema "mvua, mvua, mvua", taratibu mwanzoni, halafu haraka, mpaka kibao chote kikawa na vishimo, na pembeni kwenye ule upande mwembamba kidole kikapita chini kabisa. Akanitazama. Nikamwambia nimeona mvua imepita hadi chini. Akarudi kazini. Dakika kama saba, basi, akashuka kwenye kiti akaenda kucheza.

Tundu la kamba nilitoboa mimi kwa mrija, nilimwomba ruhusa akanionyesha mahali.

Sikutumia oveni. Kilikaa juu ya waya wa kukaushia vyombo siku sita, kila asubuhi tunakigeuza pamoja. Siku ya nne upande mnene ukapata ufa, mwembamba kama unywele. Zamani ningeuziba na kusawazisha. Neema aliuona akaupitisha ukucha akasema hapa ni mto. Baada ya hapo nilipaka vanishi, tabaka mbili, nje, yeye akiwa mbali. Rangi alikataa kabisa. Alisema bibi haoni rangi. Nilimweleza ushauri wa Bibi wa Sita kuhusu nyeusi na njano, akachagua kamba iwe nyeusi na njano, tukazisokota pamoja, yeye ameshika ncha moja mimi nyingine, tunazungusha tukiwa tumesimama pande mbili za sebule.

Kwa mama tulifika jioni. Neema hakusubiri mizigo ishushwe. Alikwenda moja kwa moja akamwekea kibao juu ya mapaja, akamshika kidole akakiweka mwenyewe kwenye kishimo. Mama akatulia. Akaanza kuhama kishimo hadi kishimo. Mimi nilikuwa nasubiri uso wake, halafu nikakumbuka maneno ya Bibi wa Sita, nikatoka nje kuchukua mabegi.

Niliporudi walikuwa wanabishana. Mama amehesabu vishimo 41, Neema anasema ni kumi. Mama akahesabu tena kwa sauti, akafika kwenye ufa, akauliza hii ni nini, Neema akamwambia mto. Mama akasema, "Basi mvua ilinyesha ikajaza mto." Neema akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu ambaye hatimaye ameeleweka.

Kimetundikwa kwenye ukuta kando ya kitanda, usawa wa mkono wake akiwa ameketi, mbali na dirisha ili mvua ya kweli isikifikie. Nilikaa siku tano. Asubuhi na usiku, tone la kwanza, anabana kona ya jicho kwa mkono wa kushoto, na wa kulia unakwenda ukutani. Anaanzia juu. Anasema akitembea polepole, vishimo vyote 41 vinampeleka karibu dakika tatu, kwa hiyo anarudi alikotoka, na akifika tena kwenye mto dakika tano zimetimia.

Siku ya kuondoka aligundua kitu ambacho mimi sikukiona wiki zote zile. Kwenye kile kishimo kilichopita hadi chini, pembeni, kuna alama ya ukucha, nusu duara ndogo. Akamwita Neema akamwonyesha. Neema akaingiza kidole, hakikufika vizuri, kibao kilikuwa kimesinyaa kidogo kilipokauka. Akasema kidole chake kimekuwa kikubwa.

Mwalimu, nilikuwa na swali dogo la mwisho. Anataka kutengeneza kingine, cha upande wa pili wa kitanda, na anataka kiwe na vilima. Petali zake mbili bado ziko chini ya mto, anasema ziingie ndani. Nikizibandika karatasi juu ya kibao kilichokauka halafu nikapaka vanishi zitashika, au nizikandamize donge likiwa bichi?

mwl_chekechea alijibu:

Subiri kibao kikauke kabisa. Karatasi kwenye donge bichi italowa na kuoza. Kikikauka, gundi nyeupe chini, gundi nyeupe nyembamba juu, iache usiku mmoja, ndipo vanishi. Vilima avifinyange vidonge vidogo akavibandike donge likiwa bado bichi, kila kimoja kwa tone la maji chini yake na kupigwa kwa kiganja. Hiyo ya kiganja tayari anaijua.